Nani Amtoe Mtoto Nje?

Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sitaki kukatizwa. Na mwenye haraka aende zake mapema, kwa sababu mwisho wa hadithi hii kazi itakuwa yenu, si yangu.

Huko milimani Usambara, kwenye mji mdogo wenye kiwanda cha chai, walikuwepo watu watatu. Bi Sauda, mchambuaji wa chai, mjane, mkali wa maneno, alijaliwa masikio. Mashine ikibadili mlio kidogo tu, yeye ameshageuza shingo, fundi bado hana habari. Mdogo wake, Shekibula, aliyetoka naye tumbo moja, alikuwa msimamizi wa zamu, naye alijaliwa mikono. Kilichokatika akikishika kinaunga, kilicholegea akikigusa kinakazika. Wa tatu ni Hidaya, mkaguzi wa usalama kazini kutoka ofisi ya wilaya. Huyu alijaliwa mdomo, lakini si wa kusema, wa kunyamaza. Mama yake mzazi alishachoka kumwuliza habari za kazini. Alisema afadhali aulize ukuta.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana ni kosa la watu wa chai hasa. Kiwandani kulikuwa na boila la kuni, na juu yake vali ya kupunguza mvuke. Mvuke ukizidi, vali inafunguka na kupiga mbinja. Wafanyakazi wakaifanya mbinja hiyo kengele yao: ikilia, kila mtu anaweka kazi chini anakwenda kunywa chai. Ilianza kwa utani, ikawa haki. Siku boila likiwa na hasira, watu wanakunywa chai asubuhi nzima mpaka matumbo yanacheza. Meneja akamgombeza Shekibula mbele za watu. Shekibula, na mikono yake ile, akapanda juu ya boila akaifunga vali kwa waya. Mbinja ikakoma, watu wakarudi kazini, naye akajiona ameimaliza shida.

Wengine walisikia kimya, Bi Sauda akasikia hatari. Chini ya boila lile ndipo alipofanya kazi Kaniki, mchochea kuni, mume wa binti yake Asia. Bi Sauda hakuwahi kumpenda Kaniki. Tangu siku ya posa alisema wazi kwamba binti yake angeweza kupata mwanamume asiyenuka moshi, na salamu ya mkwe wake aliipokea huku akitazama pembeni. Hata hivyo, Asia alikuwa na tumbo la kujifungua wakati wowote. Asubuhi moja Bi Sauda hakwenda kazini. Alishuka wilayani, akaingia ofisini kwa Hidaya, akakaa kwenye ncha ya kiti.

“Mwanangu, boila letu limezibwa mdomo,” alisema. “Leo limeamkia kunguruma, nimelisikia tangu barabarani. Likipasuka litaondoka na mkwe wangu.”

“Nani kaliziba, mama?”

Bi Sauda akavuta mtandio mpaka machoni. “Ndugu yangu. Nimembeba mgongoni yule. Wazazi wetu wamekufa, tumebaki mimi na yeye. Nakuomba usinitaje.”

“Hata usingeniomba nisingekutaja. Ndiyo sheria ya kazi yangu. Aliyeleta malalamiko hatajwi, na hata kwamba yapo malalamiko sisemi. Hata nikistaafu.”

“Hata kwa mwanangu Asia?”

“Hata kwake.”

Hidaya hakungoja siku ya ukaguzi. Alichukua pikipiki ya ofisi akapanda mlima, akamwacha Bi Sauda arudi kwa usafiri wake wasije wakaonekana pamoja. Lakini alipofika getini akakwama kwa jambo moja. Akienda boilani moja kwa moja, kila mtu atajua kuna aliyesema, na asiyekuwepo kazini siku hiyo atafikiriwa wa kwanza. Basi akafanya kama wakaguzi wanavyofanya. Akasema amekuja kwa ukaguzi wa kawaida, akaanza mbali. Akakagua vyoo. Akakagua ngazi na ndoo za mchanga. Akafungua sanduku la huduma ya kwanza, akakuta sukari na vijiko, na Shekibula aliyekuwa akimfuata kwa adabu akajikuna kichwa. Wakati wowote mwingine Hidaya angecheka. Safari hii miguu ilikuwa inataka kukimbia, na yeye anailazimisha itembee.

Alipofika boilani mshale wa geji ya mvuke ulikuwa umeshapita alama nyekundu.

“Zimeni kila kitu! Wote nje!” alipiga kelele, na mwanamke yule ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti akatoa kiwanda kizima uwanjani.

Kiwanda kizima isipokuwa Kaniki, aliyebaki akichomoa kuni tanurini kwa sepetu, maana mchochea kuni haachi moto wake hivihivi. Shekibula alitazama mshale, akatazama waya alioufunga kwa mikono yake, akarudi ndani. Alimshika Kaniki ukosi akamsukuma mpaka mlangoni, akapanda juu na plaizi, akaukata ule waya. Mvuke ulitoka kwa ukelele uliosikika mpaka kwenye mashamba ya chai. Boila halikupasuka na Kaniki hakupata hata mchubuko. Shekibula aliungua mikono yote miwili, na daktari akamwambia vidole vya kulia havitakunjika tena kama zamani.

Haikupita muda Asia akajifungua mtoto wa kike, mzuri, mwenye sauti kuliko ile mbinja.

Sasa, ukoo wa kina Kaniki una desturi yake. Mtoto hukaa ndani na mama yake mpaka siku ya kutolewa nje. Anayembeba kumvusha mlango ndiye anayempa jina, na anakuwa mtu wake maisha yote: mtoto akiugua anaitwa, akiposwa anaulizwa kwanza. Kwa kawaida heshima hiyo ni ya bibi mzaa mama. Bi Sauda alikuwa ameshanunua kanga mpya ya kumbebea, ameifua mara kadhaa ilainike.

Siku ilipofika nyumba ilijaa. Hidaya naye alialikwa, akakaa karibu na Shekibula mwenye bandeji. Kaniki akasimama.

“Mtoto huyu ana baba kwa sababu ya mtu,” alisema. “Aliyeniokoa ndiye atakayemtoa.”

“Na mama yangu je?” Asia aliuliza.

“Mama yako siku ile alikuwa wapi? Masikio yake tunayajua wote. Alilisikia boila, akakwepa kazi bila kumwonya mtu, jioni akapita mlangoni kwetu bila hata pole.”

Watu wakainamisha nyuso. Bi Sauda, mkali yule, aliishika kanga yake. Akaikunja ikawa ndogo, akaikunja tena.

“Mimi msinipe,” Shekibula alisema. “Mimi ndiye niliyefunga waya.” Alisema hivyo, lakini macho yake yalishindwa kumwacha mtoto. Hakujaliwa mtoto wake mwenyewe.

Kaniki akamgeukia Hidaya. “Bi Hidaya, wewe ulikuja bila kutegemewa. Kuna mtu alikwambia? Mtaje nimpigie magoti hapa hapa.”

Hidaya alimtazama Bi Sauda. Bi Sauda akatikisa kichwa, kidogo sana, kisha akatazama bandeji za mdogo wake. Hidaya naye akazitazama. Alijua kwamba angekwenda boilani kwanza, badala ya kuhesabu vijiko vya sukari, mikono ile ingekuwa mizima. Akampenda yule mama kwa uchungu.

“Ulikuwa ukaguzi wa kawaida,” alisema.

“Basi ni wewe,” Kaniki alisema, na machozi yakamtoka. Akamchukua mtoto kwa Asia, akaja naye mpaka mbele ya mkaguzi. “Nyoosha mikono, dada yangu.”

Hapo ndipo ninapowaachia. Hidaya akimpokea mtoto, amekalia kiti cha mwingine, na bibi wa watu atashuhudia akiwa amekaa na kanga yake mapajani. Akimkataa ataulizwa sababu, na sababu yoyote ya kweli itamtaja asiyetajwa. Akimpa Shekibula, amempa aliyeokoa na aliyehatarisha, kwa mikono isiyoweza tena kukunja vizuri. Bila Bi Sauda mkaguzi asingekuja, bila mkaguzi kiwanda kisingetoka nje, bila Shekibula boila lingepasuka.

Msikimbilie kujibu wote kwa pamoja. Mtoto ameshaletwa mbele, analia, mlango uko wazi, na Bi Sauda bado hajasema neno. Je, wewe ungekuwa Hidaya, ungefanya nini? Na kati ya hao watatu, nani amtoe mtoto nje?