Kashata ya Mbele, Kashata ya Nyuma

Hapo zamani, ila si zamani ya kusahaulika, pikipiki zilikuwa zimekwisha kupanda milimani Uluguru, lami ikiwa bado imekomea bondeni. Nisikilizeni, halafu mniamulie.

Kulikuwa na mwendesha pikipiki, jina lake Kobelo, na mkewe Tekla. Matairi ya pikipiki yao yalikuwa yamelika yakawa vipara. Wakateremka mjini kununua mengine. Kobelo akashika tairi la lami, lile lenye mistari midogo, akasema, "Hili halina kelele, haliishi upesi, na abiria hatetemeki."

Tekla akashika tairi la kashata, lenye meno makubwa kama magego ya ng'ombe. Akasema, "Mume wangu, lami haijawahi kukuangusha. Kinachokuangusha ni udongo mwekundu wa kwetu."

"Kwenye lami litavuma kama nyuki!"

"Acha livume."

Wakavutana hadi mwenye duka akaketi. Mwishowe wakachukua kashata moja, ya nyuma. Mbele kikabaki kile kipara.

Tairi likavuma kweli. Watu wakacheka, "Hiyo inakuja, pikipiki ya tairi la kuchaguliwa na mke!" Kobelo akanuna, akamrudishia Tekla maneno yote aliyotupiwa njiani.

Jirani yao Dionisi alikuwa na pikipiki ya aina ileile. Yeye alichagua kinyume: kashata mbele, tairi la lami nyuma. "Mbele ndiko kunakoongoza," alisema. "Nyuma hufuata tu."

Masika yakaingia. Siku moja Zamda, mwanamke mwenye mimba, akaumwa na nyoka, kifutu, akipalilia maharage. Mguu ukavimba ukapita goti. Dawa ilikuwa zahanati ya bondeni, na mvua ilikuwa imeifanya njia kuwa uji. Mumewe akambeba, akakimbilia naye kwa Kobelo.

Kobelo akaijaribu njia kwanza, peke yake. Gurudumu la mbele likateleza, akaanguka. Akainuka, akasema, "Nyuma inashika, mbele inakataa. Nikimpakia mgonjwa tutaishia korongoni."

Dionisi alikuwa amesimama palepale na shati jeupe. Alikuwa anakwenda kuposa, upande wa pili wa mlima. Wajomba zake walikwisha kutangulia. Akautazama mguu wa Zamda. Akaitazama njia yake. Kisha akakunja mikono ya shati, akachukua spana, akafungua gurudumu lake la mbele, akalifunga kwenye pikipiki ya Kobelo. Akaifuata posa yake kwa miguu.

Zamda akafungwa kwa kanga mgongoni mwa Kobelo. Wakateremka. Katikati ya mteremko udongo ukaziba meno ya matairi, yakawa laini kama maboga. Pikipiki ikaanza kwenda upande. Kobelo akasimama.

"Shemeji, nikipunguza upepo matairi yatabonyea, yatashika. Lakini huko chini kuna mawe. Ringi zitapinda, yangu na hii ya Dionisi."

"Mwanangu anacheza tumboni," Zamda akasema. "Punguza."

Akapunguza. Matairi yakashika. Wakafika, Zamda akapata dawa.

Ringi zilipinda zote mbili. Msimu ule mzima, pikipiki ikiwa imelala, Kobelo alibeba karoti za watu kichwani. Naye Dionisi alifika ukweni jua limezama. Wajomba wa binti wakamwambia, "Aliyechelewa siku ya posa, atawahi siku ya njaa?" Binti akaolewa na mwingine.

Zamda akapona, akajifungua mtoto wa kike. Akawaita wote, mumewe akiwa kando yake, akasema, "Mmoja wenu atampa mwanangu jina, naye atakuwa mzazi wake wa pili. Jina ni moja tu."

Kobelo akasema, "Tairi halijiendeshi. Ni mimi niliyekubeba, na nilishusha upepo nikijua naua kazi yangu."

Tekla akasema, "Ulimbeba juu ya nini? Bila tairi lile la nyuma, msingeipita hata nyumba ya mwisho. Nililichagua mkinicheka, na wewe ndiye uliyeniletea vicheko vyao nyumbani."

Kobelo akainama.

Kwa upande wa Dionisi akasema mama yake: "Tekla alichekwa, kicheko hupita. Kobelo alipinda ringi. Ringi hunyooshwa kwa nyundo. Mchumba je, hunyooshwa na nini?"

"Mama, acha," Dionisi akasema. Lakini macho yake hayakumtoka mtoto.

Zamda akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akampakata mwanawe asiye na jina. Hadi leo hajaamua, na mtoto anaanza kutambaa.

Basi mlioketi hapa, msimwachie Zamda peke yake. Aliyechagua tairi, aliyetoa gurudumu, na aliyeshusha upepo: je, nani alistahili kumpa mtoto jina?