Nani Alimfundisha Nyanzobe Kiingereza?

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni zamani ya juzi tu, ambayo waliokuwapo bado nywele zao ni nyeusi, palikuwa na chuo kikuu kimoja huko bara, na katika chuo hicho palikuwa na mhadhiri wa Kiingereza asiyemwamini mtu.

Jina lake Nakiete, mama wa Kipare, mwembamba, mpole wa sauti. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwakamata wanafunzi: waliofanyiwa mitihani na wenzao, walionakili vitabuni, waliokariri insha za watu neno kwa neno mpaka na makosa yake. Ukimpelekea kazi mbaya, alikusikitikia. Ukimpelekea kazi nzuri, alikuita ofisini.

Basi mwaka huo chuo kikafungua kituo cha kuwasaidia wanafunzi wapya, wale waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza lakini hawajawahi kukizungumza hata siku moja. Kituo kilitaka mwalimu mmoja, kazi ya kudumu, na ilikuwa lazima atoke kwa wahitimu wa mwaka huo. Sharti lilikuwa moja tu: mwombaji aonyeshe mtu ambaye yeye mwenyewe amemtoa kwenye kutojua akamfikisha kwenye kujua. Nakiete akapewa kazi ya kupokea maombi, kuwasikiliza waombaji, na kuandika jina moja.

Yakaja maombi matatu. Akafungua la kwanza, limeandikwa na Tumpe: "Mimi ndiye niliyemfundisha Nyanzobe Kiingereza." Akafungua la pili, la Somoe: "Mimi ndiye niliyemfundisha Nyanzobe Kiingereza." Akafungua la tatu, la Lutengano, na humo pia akamkuta Nyanzobe, na humo pia kafundishwa na mwandishi wa barua.

Nakiete akazilaza barua tatu mezani, akavua miwani.

"Hapa wawili ni waongo," akajisemea. "Kama si wote watatu."

Nyanzobe mwenyewe alikuwa anajulikana idara nzima. Msichana wa Maswa, mrefu, mkimya. Wiki ya kwanza chuoni walipewa jaribio la Kiingereza, akapata kumi na moja kwa mia. Mwaka wa tatu akaingia kwenye mtihani wa mdomo mbele ya watahini watatu, akatoka na themanini na saba, nao walimchelewesha humo ndani kwa sababu mazungumzo yaliwanogea. Nakiete alikuwa mmoja wa wale watahini. Alisikia kwa masikio yake, na hata hivyo aliporudi nyumbani alikuwa akijiuliza msichana yule amefanya ujanja gani.

Akamwita Tumpe kwanza.

Tumpe alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu huko Tukuyu, amesoma shule za kulipia, Kiingereza chake safi tangu utotoni. Yeye na Nyanzobe walikaa chumba kimoja hosteli miaka yote mitatu.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Kaa. Ulimfundishaje?"

"Nilimwandikia kazi zake za mwaka wa kwanza."

Kalamu ya Nakiete ikasimama. "Unajua unasema nini wewe?"

"Najua, Madam."

"Hiyo kwa kanuni za chuo ni kufukuzwa. Nyote wawili. Na shahada zenu bado hazijasainiwa."

"Najua. Lakini nisiposema hutaniamini." Tumpe akavuta pumzi. "Angekwenda na maji muhula wa kwanza tu. Nikamwambia, nakuandikia, ila hunakili mpaka unieleze kila sentensi kwa Kiswahili, inasema nini na kwa nini imekaa hivyo. Kazi ya kwanza ilitumalizia Jumamosi na Jumapili. Alilia. Kazi ya tisa akaniambia, 'Dada, hii sentensi yako haijakaa sawa.' Nikabisha. Tukafungua kitabu. Kweli, haikukaa sawa. Siku ile nikaweka kalamu chini, sikumwandikia tena."

Alipotoka, Nakiete akaenda kwenye kabati lake, maana hakuwahi kutupa karatasi ya mwanafunzi. Mwaka ule darasa lilikuwa la watu mia nne, kazi zao zilisahihishwa na wasaidizi. Akazitoa za Nyanzobe, akazisoma zote tisa kwa kufuatana. Mkono ni wa Nyanzobe, lakini sauti ni ya Tumpe, haikujificha hata kidogo. Ila kwenye ile ya tisa, katikati ya ukurasa, sentensi moja ilikuwa imekatwa na juu yake imeandikwa nyingine, nzuri zaidi.

Binti kasema kweli. Lakini Nakiete hakupoa moyo. Mtu anayejivua nguo hivi mbele ya mhadhiri, anataka nini hasa?

Akamwita Somoe.

Somoe wa Kilwa alikuwa na ulimi mkali. Yeye ndiye aliyempa Nyanzobe jina la Jikoni. Lilianzia darasani, mwaka wa kwanza, siku Nyanzobe aliposimama kueleza kwamba watu wa kwao hufuga kuku. Kwa Kiingereza kuku na jiko ni maneno yanayokaribiana masikioni. Ulimi ukamteleza, na darasa likaambiwa kwamba huko Maswa kila mtu anafuga jiko. Watu walicheka. Somoe alicheka mpaka akatoka nje.

"Nawe ulimfundisha?" Nakiete akauliza.

"Nilimfundisha, Madam, tena kwa shida. Wenzangu walikuwa wakimsengenya pembeni, mbele yake wanatabasamu. Mimi nilimwambia usoni. Akitamka vibaya kantini, namkatiza kantini. Akitamka vibaya kwenye foleni ya maktaba, namkatiza kwenye foleni. 'We Jikoni, rudia!' Anarudia. Miaka mitatu. Huo ulimi mliousikia kwenye mtihani wa mdomo, nani aliunyoosha?"

"Ulimdhalilisha."

"Nilimdhalilisha, sikatai. Lakini muulize kama kuna neno nililomrekebisha mara mbili."

Akasimama. Alipofika mlangoni akageuka, akashusha sauti. "Na Madam, huyo Tumpe muulize vizuri habari za mwaka wa kwanza. Mimi sisemi kitu."

Nakiete akamtazama akitoka. Kumbe huyu anajua. Anajua pia kwamba Tumpe akifukuzwa, washindani wanapungua. Ameanza lini kujua, na mbona hakusema miaka yote?

Wa tatu alikuwa Lutengano, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, amefundisha shule ya msingi kwa Kiswahili miaka kumi na minne kabla ya kuja kusoma. Aliingia na koti lake lililopigwa pasi, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu," Nakiete akamwambia, "wewe mwenyewe Kiingereza chako ni cha kuunga unga. Utamfundishaje mtu?"

"Ndivyo nilivyomfundisha, Madam. Mwaka wa pili nilikuwa karibu kudisko, barua ya kunirudisha nyumbani ilikuwa inanukia. Nikamwendea Nyanzobe, nikamwambia, binti, nifundishe. Akacheka, akasema hata yeye hajui. Nikamwambia, kile kidogo unachokijua, nieleze mimi. Kila siku baada ya kipindi cha mwisho tulikaa kwenye ngazi za maabara. Namuuliza, kwa nini hapa wanasema hivi na pale wanasema vile? Hajui. Kesho anakuja na jibu. Namuuliza lingine. Madam, mimi nimefundisha watoto miaka kumi na minne. Najua mtu anaanza kujua lini. Anaanza pale anapoulizwa na asiyejua. Yule alikuwa na maneno ya Tumpe na matamshi ya Somoe. Mimi ndiye niliyefanya yawe yake."

"Ulijua kwamba Tumpe alimwandikia?"

Lutengano akatazama mikono yake. "Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Nakiete akawaambia wote watatu wangoje kwenye benchi la nje, akaacha mlango wazi kidogo, akakaa kusikiliza. Kama wamepangana, alifikiri, watajisaliti. Robo saa nzima hakusikia hata neno. Akachungulia. Walikuwa wamekaa mbalimbali kama abiria wasiojuana, kila mmoja akimkagua mwenzake kwa pembe ya jicho.

Ndipo akamwita Nyanzobe, akamsomea barua zote tatu.

Nyanzobe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa Kiswahili, taratibu, "Hakuna kati yao aliyenifundisha, Madam."

"Tumpe hakukuandikia?"

"Aliniandikia. Alipenda kuwa na mtu wa kumwandikia. Somoe alinirekebisha, lakini kucheka ndiko kulikomleta, kurekebisha kulifuata. Kaka Lutengano alikuwa anaogopa kurudishwa. Kila mtu alikuwa na shida yake. Sasa nimefika, kila mtu anadai kichwa changu kama shamba alilolima yeye."

"Kwa hiyo ulijifunzaje?"

"Kwa kukuogopa wewe."

Nakiete akazikusanya zile barua tatu, akazigeuza kifudifudi.

"Waliotutangulia walituambia: ukiandika vizuri, Madam Nakiete atakuita. Nami nilikuwa napeleka kazi nzuri ambazo si zangu. Kila nikitia jina langu, najua wiki hii naitwa. Basi kila neno nililonakili nililitafutia jibu, na kila jibu nikalitafutia jibu lake. Nilikaa na kamusi mpaka kurasa zikaachana. Nilikuwa nikikuona kwenye korido, nageuza njia. Miaka mitatu nilijiandaa kuitwa, na hukuniita. Siku ya mtihani wa mdomo ndipo uliponiuliza, na majibu niliyokupa nilikuwa nimeyaandaa tangu mwaka wa kwanza." Akafuta macho kwa kiganja. "Hiyo kazi ya kituo naiomba mimi. Sharti linasema nionyeshe mtu niliyemtoa kwenye kutojua. Huyu hapa, nimekaa mbele yako."

Nakiete alibaki ofisini peke yake. Alitafuta mwongo kati ya wanne, hakumpata, na hilo lilimkera kuliko uongo wowote aliowahi kuukamata. Akifuata kanuni aliyoilinda miaka ishirini na miwili, Tumpe na Nyanzobe wanapoteza shahada, na kiti cha kituo wanabaki kukigombea yule aliyechongea mlangoni na yule aliyejua akanyamaza. Akifumba macho, yeye naye anajiunga na walionyamaza. Na lile neno la Nyanzobe lilimkaa kifuani: je, msichana amesema la moyoni, au katafuta mahali laini pa kumgusa mhadhiri? Hata hapo hakuweza kuamini moja kwa moja.

Jumatatu saa nne kamati iliyompa kazi hiyo ikakaa. Nakiete akawaeleza yote bila kuficha, kazi tisa za Tumpe zikiwemo. Wajumbe wakagawanyika hapo hapo. Mmoja akapiga meza akitaka wafukuzwe. Mwingine akamuuliza, tumfukuze nani, huyu anayejua Kiingereza kuliko sisi? Mwenyekiti akawanyamazisha. Akasema, "Madam, wewe ndiye uliyewasikia. Utakaloandika tutalisaini, la adhabu na la kiti." Akamsogezea karatasi. Nakiete akaandika jina moja, akaikunja karatasi, na shahada zote zikasainiwa wiki ile.

Jina lile nalijua, lakini silitaji, maana kila nilipolitaja watu waligombana. Nyinyi mliowasikia wote semeni: aliyempa maneno kwa wizi, aliyempa matamshi kwa kejeli, aliyempa maswali kwa kutojua, au mwenyewe aliyejifunza kwa hofu, je, nani alistahili kile kiti?