Kinyozi Vuai na Sharti la Miaka Kumi

Hapo zamani, katika nchi ya Shungwe, alikuwapo kinyozi jina lake Vuai, fukara wa kutupwa, aliyejiita mjinga kabla watu hawajamwita. Basi wakaja wageni kuchimba mafuta, naye akasikia kwamba watu mia mbili kule visimani hula mayai kila asubuhi. Akauza kitanda, akanunua kuku hamsini. Mkewe, Mize, akamwuliza, "Na sisi tutalala wapi?"

"Chini, mke wangu, huko huko ziliko akili zangu."

Alipopeleka mayai, mkuu wa wageni akamwambia hanunui ila kwa mtu aliyekwisha kuviuzia visima vya mafuta miaka kumi. Visima vyenyewe vilikuwa na miezi minne. Vuai akamshitakia Sultani, naye Sultani, kwa kuchelea wageni wasije wakaondoka, akasema, "Sharti ni sharti. Asiyezoea kazi asipewe kazi." Mayai yakaoza, na Vuai akaona haya hata kupita mbele ya kuku wake.

Ikawa Sultani akapata mjukuu, na siku ya saba, kama ilivyo ada, Vuai akaitwa kumnyoa mtoto. Baraza limejaa, mbuzi wa akika wamekwisha chinjwa, mkuu wa wageni amekalishwa mbele. Vuai akanoa wembe, akakitazama kichwa cha mtoto mbele na nyuma, kisha akaufunga wembe wake.

"Bwana wangu, kichwa hiki kimepata kunyolewa?"

"Mtoto ana siku saba, ewe mpumbavu."

"Basi sithubutu. Amri yako yasema asiyezoea asipewe. Na anyolewe kwanza miaka kumi, kisha aletwe nimnyoe."

"Hiyo miaka kumi ataipata wapi, asipoanza leo?" akanena Sultani kwa hasira.

"Hilo ndilo swali nililokuja nalo siku ile, bwana, ila kwa ujinga wangu nikashindwa kuliuliza."

Uso ukamwiva Sultani kwa aibu, kisha akacheka hata kilemba kikamlegea. Akamgeukia mgeni, akasema, "Utanunua mayai yake. Na asichokijua, mfundishe." Mgeni akakubali, na mtoto akanyolewa.

Kesho yake Vuai akatia mayai mia tatu katika gunia, akalipandisha juu ya punda. Yalipofika visimani, mazima yalikuwa kumi na moja. Mkuu wa wageni akachungulia ndani ya gunia, akamtazama.

"Usijali, bwana," akasema Vuai. "Imebaki miaka kumi kasoro siku moja."