Nyani Aliyemeza "Na"

— Paukwa!

— Pakawa!

— Aliyesinzia?

— Aamke!

— Aliyeshiba?

— Asogee, mwenye njaa apate kukaa!

Haya, wamesogea. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiajiriana, palikuwa na Nyani mwenye shamba la karanga. Shamba kubwa, mikono mivivu. Akamwita Mama Fuko, mchimbaji hodari aliyeishi ardhini, chini ya shamba hilohilo.

"Nilimie, Mama Fuko. Kila mwezi vikapu vitatu vya karanga. Ukitimiza miezi kumi na miwili, wa kumi na tatu utapumzika na kula."

"Nitapumzika na nini?" Mama Fuko hakuona vizuri, lakini masikio yake hayakuwa na mchezo.

"Na kula. Vikapu vyako vitatu vilevile."

Mama Fuko alifurahi mno. Binti yake alikuwa anaolewa mwezi huohuo wa kumi na tatu, na wakwe wa ng'ambo ya mto walikuwa walaji kwelikweli.

Akalima, akalima, akalima. Miezi tisa akapata vikapu vitatu kila mwezi. Mwezi wa kumi akapata viwili.

"Bwana Nyani, cha tatu kiko wapi?"

"Nimekikata. Ni cha jua. Jua la shamba langu uliote bure?"

"Mimi nashinda ardhini, jua nitaliotea wapi?"

"Nimeshakata!"

Mwezi wa kumi na moja, viwili tena.

"Hiki nimekata cha kivuli."

"Jua umekata, na kivuli pia?"

"Nimeshakata!"

Mwezi wa kumi na mbili akakata cha harufu. Eti karanga zinanukia, na Mama Fuko ana pua! Jamani, hata mimi ninayesimulia nimekasirika.

Mwezi wa kumi na tatu Mama Fuko akaenda kuchukua vikapu vya mapumziko.

"Vikapu gani?" Nyani akasema. "Mimi nilisema utapumzika kula. Haya, pumzika kula!" Akacheka mpaka akaanguka chali. Alikuwa ameimeza "na" mchana kweupe.

Mama Fuko akalia njia nzima. Atamwozaje binti yake kwa sahani tupu? Alipofika nyumbani, chini kule, akagusa dari. Dari imejaa karanga! Akafuta pua, akaanza kucheka peke yake.

Siku ya mavuno Nyani akawaalika wanyama wote. Akang'oa shina la kwanza: majani matupu. La pili: majani matupu. La tatu akalivuta kwa nguvu zote, akaanguka chali tena. Safari hii hakucheka.

"Karanga zangu ziko wapi?"

"Nimezikata!" ikajibu sauti kutoka ardhini. "Ni mimi, Mama Fuko. Niko likizo, nimetulia nyumbani. Karanga zako zimelala kwangu muda wote huu. Nimekata za giza. Giza langu zililalie bure?"

Wanyama wakacheka hadi machozi.

"Nirudishie, Mama, nakuomba!"

"Zako utazipata zote, mimi si mwizi. Nataka zangu. Vikapu vitatu ulivyokata bila kunielewesha wala kukubaliana nami, na vitatu vya mapumziko. Halafu ulitapike lile neno."

Nyani akakohoa. "Utapumzika... kula."

"Aaa!" wanyama wakapiga kelele.

"Utapumzika... *na* kula."

Vigelegele! Nyani mwenyewe akabeba vikapu sita kichwani, akavuka navyo mto hadi arusini. Wakwe wakala, wakacheza, wakala tena. Mama Fuko akarudi kazini mwezi uliofuata, na hakukatwa tena hata punje. Ndiyo maana hadi leo nyani akichimba karanga, huchungulia shimo kwanza.

Basi sikieni: ujira wa mtu haukatwi bila yeye kukubali, na pumziko lililofanyiwa kazi ni haki yake, si hisani. Nawe unayeajiriwa, yasikilize makubaliano mpaka neno la mwisho, hata likiwa dogo.

Hadithi yangu nimewalipa yote, sijakata hata neno. Sasa naenda kupumzika...

— Na kula!