Ua la Kubadhi la Bi Mwanakheri

Hapo zamani, kule Soni katika milima ya Usambara, aliishi mjane aliyeitwa Bi Mwanakheri. Marehemu mumewe, Salehe, alimwachia ua moja ndani ya chungu. Wenye vitabu waliliita okidi. Salehe aliliita ua la kubadhi, kwa kuwa mdomo wake umefumbata kama ncha ya kiatu hicho. Lilichanua mara moja tu, mwaka aliofariki. Tangu hapo Bi Mwanakheri alilingoja kama mtu angojaye hodi.

Macho yake nayo yalikuwa yakiingia mtoto wa jicho. Alitaka alione tena kabla ya giza. Kwa mapenzi akalimwagia maji kila kukicha, katikati ya majani, mpaka moyo wa ua ukaanza kuoza.

Mkwewe, Tunu, mke wa mwanawe Hoza, akamwambia, "Huyu mama keshazaa, hazai tena. Tumtegemee mtoto."

Tunu alisema juu ya shina lililokwisha kuchanua, na chipukizi lililo ubavuni mwake. Bi Mwanakheri alisikia vingine.

"Nimekwisha, eti? Nyumba hii umenikuta, Tunu!"

Akakitwaa chungu, akakitupa jaani. Kabla hajafika mlangoni alikwisha kujuta, lakini haya ikamzuia kurudi.

Jirani yake Kibwana, seremala, akakiokota. Akakata palipooza, akapaka majivu, akapanda upya kwa magome na vipande vya mkaa. Lakini hakukirudisha, alikiweka uani kwake. Tunu akakigundua. Kila asubuhi akapita kama aombaye moto, akatia maji ya mvua pembeni, mbali na moyo. Naye hakusema. Huku nyumbani Bi Mwanakheri alipapasa dirisha tupu, pale kilipokaa chungu.

Chipukizi likachanua. Hoza alipoliona kule uani kwa Kibwana hakuomba ruhusa. Alikibeba chungu mbio.

"Mama, tazama!"

Bi Mwanakheri akausogeza uso mpaka pua ikagusa ua. Akauona mdomo wa manjano na madoa ya kahawia. "Salehe," akasema polepole. Juma lile lile giza likamfunga macho.

Akawaita wote. "Aliyenionyesha ua hili, chungu ni chake."

Kibwana akasema, "Bi mkubwa, ulikitupa mwenyewe. Bila mimi leo ungelia juu ya mbolea, si ua."

Tunu akasema, "Fundi aliokota mzizi, mimi nikaulea. Angeachiwa yeye, mzizi ungekufa kwa kiu. Hata mchicha wake umekauka!"

Hoza akasema, "Nyinyi wawili mlijua, mkanyamaza. Ningechelewa juma moja, mama angeonyeshwa nini?"

Kukigawa hakukufaa: chipukizi lilikuwa changa bado, na ukilitenga na mamaye yote mawili hufa. Bi Mwanakheri akakipakata chungu, kidole chake kikifuata ukingo wa ua asiloliona tena, wala hakuwa na haraka ya kumpa mtu chungu hicho.

Mmoja aliokoa, mmoja alilea, mmoja aliwahi. Nyinyi mliosikia, mngekitoa mapajani mwake mkampa nani?