Mwiko wa Bi Mwavita Apewe Nani?

Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime. Hadithi hii mwishoni itawadai jibu. Mimi mwenyewe sina, ndiyo maana nina hofu.

Katika mtaa mmoja wa Ujiji walikuwapo wanawake watatu waliopika pilau za harusi chini ya mkubwa wao, Bi Mwavita.

Zaituni, mtoto wa mdogo wake, alijaliwa macho. Mpe mchele auchambue, hakuna jiwe litakalomponyoka. Ukilia njiani ukanawa uso kabla ya kuingia kwake, atajua tu.

Riziki, mke wa mwanawe, alijaliwa ulimi. Si ule wa kelele, ni ulimi laini. Mtu amesusa chakula tangu juzi, Riziki akikaa naye kidogo utamkuta anaomba aongezewe mchuzi.

Tabu, jirani na shoga yake wa miaka mingi, alijaliwa mikono. Moto uliozidi ataupunguza, wali uliolegea ataukausha. Kasoro yake woga. Alipenda kupika pembeni ya mkubwa, kuwa mkubwa hakutaka.

Na Bi Mwavita? Yeye alikuwa na mwiko aliopewa na shangazi yake, na alikuwa na presha. Mtaani kwao kuna desturi: anayewasha moto chini ya sufuria ya harusi haondoki mpaka wali upakuliwe. Sufuria ikibadilisha mikono njiani, wanasema na ndoa nayo itabadilisha mikono.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Daktari alimwandikia vidonge vya kumeza kila asubuhi, vya kupunguza maji mwilini. Akishameza tu, huenda chooni mara nne kabla ya adhuhuri. Utakwendaje chooni mara nne na sufuria ya watu mia tatu iko motoni? Basi siku za harusi akawa hamezi. Kidonge anakifunga kwenye pindo la kanga, anasema atameza jioni, na jioni anasahau. Wala haumwi popote. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote: alikuwa haumwi popote. Ukaingia mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi zikafuatana mpaka katikati ya wiki, na pindo likajaa.

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, Bi Mwavita alitia chumvi kwenye supu ya pilau, akaonja. Akatia tena, akaonja.

"Bado haijakolea," akasema, akachota konzi ya tatu.

Zaituni alikuwa anamenya vitunguu saumu. Akaacha. Miaka kumi na mmoja amepika na mama yake mkubwa, na hajawahi kumwona akikoroga kwa mkono wa kushoto.

"Mama mkubwa, mkono wa kulia una nini?"

"Ganzi tu. Niliulalia."

Lakini maneno yalitoka mazito, na pembe ya mdomo ilikuwa imeshuka. Wanawake wakajaa. Mmoja akasema ni jini, uletwe ubani. Mwingine akafungua mkoba: "Na mimi nina presha, ameze viwili vyangu." Zaituni akasimama katikati yao. "Asipewe kitu. Hiki ni kiharusi. Aende hospitali sasa hivi." Bila macho yale, wangemlaza chumbani na kumfukiza.

Ila Bi Mwavita hakutaka kwenda. Alikumbatia mwiko kifuani. "Siachi sufuria. Nivunje ndoa ya mtoto wa watu?"

Walimvuta, akawakazia. Riziki hakumvuta. Alichuchumaa mbele yake na tumbo lake la miezi saba.

"Mama, pilau ya harusi yangu ulipika wewe, hukuondoka hata dakika moja. Mbona mwezi wa kwanza tu mwanao alininunia siku tisa?"

Watu wakataka kucheka, vinywa vikagoma.

"Mimi mama yangu amekufa," Riziki akaendelea. "Nikijifungua nani atanikanda?"

Bi Mwavita akaitazama sufuria. "Basi mwiko ashike nani?"

Nitawaambia aliyeushika, lakini kwanza nimalize ya Riziki. Kule hospitali daktari aliuliza, "Dawa unameza?" Bi Mwavita akajibu, "Nameza." Presha ilikuwa mia mbili na ishirini kwa mia moja na thelathini. Riziki, mwenye ulimi wake, hakusema neno. Alilifungua pindo la kanga akammiminia daktari vidonge kiganjani. Ishirini na vitatu.

Turudi uani. Nani ashike mwiko? Mama wa bibi harusi amesimama mlangoni, anatazama atakayemharibia mwanawe nyumba. Tabu akasogea, akanyoosha mikono.

"Nipe, shoga," akasema.

Vidole vya Bi Mwavita ilibidi vibanduliwe kimoja kimoja. Ndipo akakubali kuingizwa kwenye bajaji. Tabu akabaki na supu yenye chumvi ya sufuria tatu. Akachota nusu akaimwaga, akaongeza maji, akatia viazi, akaonja huku machozi yanamtoka. Wageni walikula mpaka ukoko. Kama Tabu angekataa, Bi Mwavita angefia pale mekoni, maana mwiko asingeuweka chini.

Alipona. Mkono umerudi, ila haushiki sawasawa. Daktari alimwambia, "Ungesema dawa inakupeleka chooni, tungekupangia saa nyingine ya kumeza. Kwa sasa usiiache hata siku moja, ya harusi na isiyo ya harusi, mwezi ujao tutaona cha kubadilisha. Na moto waachie wengine. Kiharusi kikikurudia, sikuahidi kitu."

Bi Mwavita akawaita wote watatu. "Mwiko nampa aliyeniokoa."

"Nisingeona, wangekufukiza ubani," akasema Zaituni.

"Nisingesema nawe, usingeondoka," akasema Riziki.

"Nisingeupokea, ungekwenda wapi?" akasema Tabu.

Hapo wakaanza kufichuana. Zaituni alikuwa ameona tangu zamani kwamba siku za harusi mkubwa haendi chooni. Aliona haya kuuliza. Riziki ndiye aliyefua zile kanga. Kila alipokuta vidonge alivitoa, na zikikauka akavifunga tena palepale, asije akaonekana mkwe anayempekua mama mkwe. Na Tabu, jamani, Tabu ndiye aliyekuwa akisema, "Usimeze leo, shoga. Ukienda chooni mimi siwezi kushika." Kumbe kila aliyemwokoa alikuwa na mkono wake katika kumwangusha.

Bi Mwavita alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwagombeza. "Mpaka mkubaliane," akasema, "mwiko nautunza mimi."

Hawajakubaliana. Na kesho kuna harusi. Moto utawashwa asubuhi, na atakayeuwasha haondoki mpaka wali upakuliwe. Kidonge cha Bi Mwavita cha kesho tayari kimo pindoni. Amekifunga kwa mkono wa kushoto na meno. Zaituni amekiona. Riziki anajua kilipo. Tabu ameificha mikono ndani ya kanga.

Basi msinijibu kwamba wote wanastahili, mwiko ni mmoja. Wala msiniambie mtafikiria, maana kuni zimeshapangwa. Mwenye macho, mwenye ulimi, au mwenye mikono: je, wewe ungeamua vipi?