Chatu Aliyeogopa Kuvua Ngozi

Mwaka ule mvua iligoma katakata. Mto ulikauka hadi kambare wakabaki wanatapatapa kwenye tope, na wanyama wakaona kwamba wasipoweka akiba hawatafika masika. Wakawakusanya samaki waliobaki, wakawakausha, wakawarundika pangoni pamoja na mihogo mikavu na maboga ya mwisho. Ikabaki kazi ya kumpata mlinzi.

Fisi alijitolea kabla hajaulizwa. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Ndipo Simba, ambaye hapendi baraza liishe bila yeye kuonekana mwenye busara, akamteua Chatu, kwa sababu Chatu akishiba mara moja hukaa mwezi mzima hana habari na chakula. Tena, alisema Simba, mlinzi wa mfalme sharti apendeze, na mabaka ya ngozi ile hayana mfano. Chatu akayaweka maneno hayo moyoni. Kutwa akawa anajigeuza juani ayatazame mabaka yake, na kiburi cha sura, mwenzangu, hakina dawa.

Haukupita muda ngozi ikaanza kufifia na kumbana, macho nayo yakaingia ukungu. Alijua maana yake. Alipokuwa mdogo alikuwa akivua ngozi bila kujali, lakini sasa alikuwa na cheo. Mabaka yakienda, cheo kitabaki? Akaingiwa na hofu, akamweleza Fisi, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa akipita pangoni kila mara kumjulia hali.

"Usivue, shemeji," Fisi akamwambia kwa upole. "Ukivua hiyo utabaki mnyoo mnene tu. Nani atamheshimu mnyoo?"

Akampa na dawa: ajipake udongo, alale kimya, asisogelee jiwe lolote la kujisugulia. Ushemeji wenyewe wa wapi hakuna ajuaye, maana hawajaoleana hata siku moja. Chatu alitii. Udongo ukakauka, ngozi ikazidi kubana, macho yakaziba kabisa, na Fisi akawa anaingia pangoni mchana kweupe. Anamruka mlinzi, anakula, kisha anatoka na kumuuliza kama amepata nafuu.

Akiba ilipoonekana imepungua, Simba aliunguruma. Alimwambia Chatu mbele ya wote kwamba akipotea tena samaki mmoja, ataliwa yeye mahali pa samaki. Baraza likatawanyika.

Sungura hakuondoka. Alikuwa ameliona tumbo la Fisi likinenepa wakati kila mtu anakonda, akajua hapa pana jambo. Akamuuliza Chatu anaogopa nini hasa.

"Naogopa nikivua, atakayebaki si mimi," Chatu akasema.

"Na huyu asiyeona wala kujigeuza, huyu ndiye wewe?"

Chatu aliona aibu, kisha akakasirika, mwisho akaomba aonyeshwe jiwe lilipo. Alfajiri alijiviringisha kwenye umande mpaka udongo ukalainika, akaisugua pua kwenye jiwe, ngozi ikapasuka mdomoni na kuchomoka yote, ndani nje, kama soksi. Ilimuuma, na ilimtisha. Lakini ukungu ulipotoka machoni aliwaona hata sisimizi juu ya mti wa ng'ambo. Akajitazama. Mabaka yote yalikuwepo, yanameremeta kuliko mwanzo, na mwenyewe amerefuka. Akafurahi mpaka akajisahau, ikabidi Sungura amkumbushe kwamba kuna mwizi wa kukamatwa.

Sungura aliigeuza ile ngozi kuukuu, akaijaza majani makavu, akaikunja mlangoni. Chatu akajificha ndani, nyuma ya maboga.

Mchana Fisi akaja. Akaiuliza ngozi imeamkaje, upepo ukaitikisa kidogo, naye akaridhika. "Vumilia hivyo hivyo, shemeji," akasema, akaingia. Samaki wa kwanza alimmeza mzima. Wa pili hakumfikia, maana Chatu alikuwa ameshamzunguka kiuno na kumbana.

Simba na wenzake waliposikia yowe la Fisi walikuja mbio. Fisi, huku anahema, akaapa kwamba amekabwa na mgeni, mwizi mkubwa, na kwamba Chatu mwenyewe yupo pale mlangoni, waende wakamuulize. Simba akamtazama nyoka huyu, akamtazama na yule wa mlangoni, akachanganyikiwa. Lakini mfalme hachanganyikiwi mbele ya watu, kwa hiyo alikohoa tu. Sungura akaisukuma ngozi kwa kidole, majani yakamwagika.

"Sasa wewe ni nani?" Simba akauliza.

"Ni Chatu, mheshimiwa. Yule ni Chatu wa jana."

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa Fisi. Alipoachiwa alikimbia na kiuno kilichobonyea, na mpaka leo mgongo wake umeinamia nyuma. Chatu alirudishiwa ulinzi wake, na watu walipomuuliza atafanyaje ngozi mpya nayo ikififia, alisema atatafuta jiwe mapema. Basi wewe uliyesikiliza, shika hili moja na mengine yaache yaende zake: wakati ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe.